Makarani wa Simu ya Upepo katika Picha za Maafa

Picha za sinema zisimuliazo maafa zina desturi ya zamani ya kumpa ushujaa mtu mwenye nguvu: abebaye mtoto begani, avunjaye mlango, arukaye majini. Mtu aketiye chumbani akipokea miito na kuipeleka inakotakiwa huonekana kwa muda mchache, kisha husahauliwa. Walakini kazi ya uokoaji humtegemea huyu kwanza, maana mwenye nguvu hawezi kwenda asikoitwa. Miongoni mwa picha zilizolitambua jambo hili mapema ni A Night to Remember, iliyotolewa Uingereza mwaka 1958 chini ya uongozi wa Roy Ward Baker. Habari yake ni kuzama kwa meli ya Titanic.

Habari hiyo ilikuwa imekwisha kuonyeshwa katika sinema mara kadha wa kadha. Picha ya Marekani ya mwaka 1953, kwa mfano, iliegemea zaidi ugomvi wa mume na mke waliokuwa safarini. Baker na mwandishi wake, Eric Ambler, walishika njia nyingine. Walifuata kitabu cha Walter Lord cha mwaka 1955, ambacho mwandishi wake alikuwa amewahoji watu wengi walionusurika, wakaigawa hadithi baina ya meli tatu: Titanic iliyokuwa ikizama, Carpathia iliyosikia, na Californian isiyosikia. Mtazamaji hutolewa chumba kimoja cha simu ya upepo na kuingizwa katika kingine, na hofu yake yote hukaa katika swali moja: je, kuna mtu aliye macho upande wa pili?

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, Jack Phillips, karani wa simu wa Titanic, alikuwa akipeleka salamu za abiria kwenye kituo cha Cape Race. Mtambo wake ulikuwa umeharibika na kutengenezwa siku iliyotangulia, na salamu zilikuwa zimerundikana. Cyril Evans, karani wa Californian, alipomwita kumwarifu kuwa meli yao imesimama katikati ya barafu, Phillips alimwambia anyamaze kwa kuwa ana kazi. Evans alikuwa karani wa pekee katika meli yake, na alikuwa ameshinda kazini tangu asubuhi. Yapata saa 5 na nusu usiku alifunga mtambo, akalala. Dakika kumi baadaye Titanic iligonga jabali la barafu.

Katika Carpathia pia palikuwa na karani mmoja tu, Harold Cottam. Naye alikuwa akivua nguo ili alale, ila alikuwa bado na visikilizio masikioni, akingoja jibu la meli nyingine. Ni yeye aliyeiita Titanic, kuiambia kwamba ina salamu zake huko Cape Cod. Jibu alilopata lilikuwa mwito wa msaada. Nahodha Arthur Rostron akageuza meli, akaenda mwendo wa maili 58 kwa hesabu yake mwenyewe, akafika yapata saa 10 alfajiri. Titanic ilikuwa imekwisha kuzama tangu saa 8 na dakika 20. Watu wapatao 1,500 walikufa, Phillips akiwa mmojawapo. Zaidi ya 700 waliokolewa.

Basi tofauti ya makarani hawa wawili haikuwa tofauti ya wema na uovu. Wote walikuwa vijana, wote walikuwa peke yao, na hakuna sheria iliyowalazimu kusikiliza usiku kucha. Mmoja alichelewa kulala na mwenzake akawahi. Waliotunga sheria baadaye walilifahamu hilo. Marekani iligeuza sheria yake mwaka 1912 ule ule, ikataka meli za abiria zipatwazo na sheria hiyo ziwe na makarani wa kupokezana usiku na mchana. Mkataba wa usalama wa watu baharini, uliotiwa sahihi London mwezi wa Januari 1914, ulifuata njia hiyo, ingawa vita viliuchelewesha.

Hapa ndipo picha ya mwaka 1958 inapopungukiwa. Baada ya kuonyesha kwamba uokoaji ni utaratibu, ilimtafuta mtu wa kulaumiwa, ikampata Stanley Lord, nahodha wa Californian. Ni kweli kwamba wenye zamu katika meli yake waliona roketi nyeupe na kumwarifu, naye akaagiza waipigie meli ile ishara kwa taa. Evans hakuamshwa mpaka kulipopambazuka. Wahenga husema mwenye macho haambiwi tazama, lakini hawa walitazama wasifahamu walichokiona. Lord alikuwa hai picha ilipotolewa, naye akatafuta kutetewa na chama cha mabaharia. Alikufa mwaka 1962 pasipo kusafishwa. Taarifa ya serikali ya Uingereza ya mwaka 1992 ilishika katikati: roketi zilionekana na hatua zilizopasa hazikuchukuliwa, lakini yaelekea Californian isingewahi kufika kabla ya Titanic kuzama. Hukumu ya namna hiyo, yenye pande mbili, ni ngumu kuitia katika sinema.

Miaka 60 baada ya Baker, Gustav Möller alitoa Den skyldige, picha ya Denmark, mwaka 2018. Picha hiyo haitoki kabisa katika ofisi ya polisi ipokeayo simu za dharura. Askari wake husikia vizuri, hufanya haraka, hutaka sana kuokoa. Na bado hukosea, kwa sababu amekwisha kuamua nani mwovu kabla ya kuisikia habari mpaka mwisho. Kosa hilo la askari ndilo linalomfaa mwanafunzi wa historia kulipima anapoirudia picha ya mwaka 1958. Baker aliwasikiliza makarani kwa makini kuliko waliomtangulia, lakini kwa nahodha wa Californian alikata shauri mapema.