Kuvu Iliyotuchagulia Mbao

Kenchi za nyumba ya babu yangu kule Bulumbi ni za msonobari. Fundi wa Busia ya Uganda aliniambia ni patula, na wa Busia ya Kenya akasema hivyo hivyo. Kwa nini patula? Hakuna aliyejua. Nilipoanza kusoma historia ya misitu chuoni nilitarajia kukuta amri ya gavana fulani. Kumbe ni kuvu.

Patula ni mti wa Mexico. Enzi za mkoloni, maafisa misitu wa Kenya na Tanganyika walikuwa pia na matumaini makubwa kwa radiata, msonobari wa California unaokua haraka. Mwishoni mwa miaka ya 1950 sindano za radiata zilianza kuwa nyekundu Tanganyika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Kenya nayo ilikuwa imepatwa. Mhusika aliitwa Dothistroma.

Kuvu hii huingia kwenye sindano iliyolowa kwa kupitia vitundu vinavyopitisha hewa, kisha huishi ndani. Kwa wiki kadhaa mti huonekana mzima. Baadaye sindano hupata mikanda myekundu, vidoa vyeusi hupasua ngozi yake, na matone ya mvua hurusha spora kwenye sindano nyingine. Matawi ya chini hutangulia. Mti haufi mara moja. Hupukutika mwaka hadi mwaka mpaka unadumaa.

I. A. S. Gibson, mtaalamu wa magonjwa ya miti aliyefanya kazi Kenya, aliichunguza kwa miaka mingi. Hata hivyo upandaji wa radiata uliachwa, patula ikashika nafasi kwa kuwa inaistahimili kuvu hiyo. New Zealand, ambako ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1964, walinyunyizia dawa ya shaba kwa ndege na bado wanavuna radiata. Vitabu vyetu vya miaka hiyo vinajaa bendera za uhuru, na ni haki yao, lakini mti uliobadilishwa haumo. Mwalimu mmoja aliandika kwenye rasimu yangu kwa wino mwekundu: "Hii ni biolojia." Sikubaliani naye.

Sikubaliani kwa sababu ya babu. Nilipokuwa mdogo alikuwa na misonobari nyuma ya nyumba, akiba ya karo ya shangazi yangu. Sindano za chini zikawa nyekundu. Watu wakasema ni jicho la jirani. Babu akaikata yote ikiwa bado michanga, na salamu na jirani zikaisha hapo.

Siwezi kusema ilikuwa Dothistroma. Ndani ya sindano huishi kuvu za aina nyingi, nyingine zisizo na madhara yoyote, na ile ya babu ilichomwa bila mtu kuipasua hata moja. Likizo iliyopita nilimsomea insha hii. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Kwa hiyo huenda hakuwa mtu?"

"Huenda, babu."

Akanyamaza kidogo. Halafu akataka kujua kama bado nina namba ya mtoto wa yule jirani, aliyehamia Tororo.