Risiti Ndani ya Jaketi

Kila nikiona picha ya mtoto aliyepotea ikizungushwa WhatsApp, nakumbuka risiti moja ya Marekani.

Tarehe 11 Desemba 1978, mjini Des Plaines karibu na Chicago, mama alikuja kumchukua mwanawe wa miaka 15 kazini, kwenye duka la dawa. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mama. Kijana akamwambia asubiri kidogo, kuna mkandarasi nje anaongea mambo ya kazi. Hakurudi.

Familia iliripoti usiku uleule. Kwa miaka, wazazi wengine pale Chicago walikuwa wameambiwa eti vijana wao wametoroka tu, watarudi. Safari hii polisi walimfuata mkandarasi, John Wayne Gacy, wakagundua alishafungwa Iowa mwaka 1968 kwa kumnajisi kijana. Kwenye takataka za nyumba yake wakapata risiti ya kusafisha picha. Ilikuwa ya msichana wa dukani, aliyeazima jaketi la yule kijana na kuiacha mfukoni.

Siku kumi baada ya kijana kupotea, polisi walianza kufukua chini ya sakafu. Miili 26. Jumla ya waliouawa ilikuwa 33, na baadhi yao wakazikwa bila majina. Kijana wa duka la dawa alipatikana mtoni Aprili 1979.

Tunapenda kusimulia ujanja wa muuaji. Lakini ujanja gani? Alikamatwa siku chache tu baada ya mzazi mmoja kuaminiwa.

Wale wengine pia walikuwa na mama.