Ruzuku na Michezo ya Watoto katika Nachingwea na Ruangwa

Fedha za wageni si jambo jipya katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa. Mpango wa karanga wa Serikali ya Kiingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951, ulifyeka misitu ya Nachingwea ukaleta na reli. Nayo reli ilifungwa mwaka 1962. Baadaye ikaja Finland, kwanza kwa kazi ya maji katika mikoa ya Mtwara na Lindi tangu miaka ya 1970, kisha kwa mradi wa vijiji ulioitwa RIPS, toka mwaka 1988 hadi 2005.

Mwaka 2001 lilianzishwa huko Finland shirika la hisani la Liike, ambalo kusudi lake ni kuendeleza elimu na afya kwa njia ya michezo, nalo likaelekea kusini mwa Tanzania kwa ruzuku ya Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi yake. Hapo mchezo wa mtoto, kama kisima na barabara, ukawa jambo la kuandikiwa maombi na kutolewa hesabu.

Hapana shaka kwamba watoto wa Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde walicheza bila kungoja ruzuku. Mpira wa matambara, rede, kombolela na kuruka kamba havikununuliwa dukani. Lakini kitu kisichonunuliwa si lazima kiwe hakina gharama. Mchezo hudai uwanja, na hudai saa. Na saa ya mtoto, hasa ya msichana, hugombewa na ndoo ya maji, jiko na shamba. Ruzuku yaweza kuleta mipira na kumfunza mwalimu. Kumpa msichana saa yake ni kazi ya nyumbani kwao.

Lugha yenyewe yaonyesha tofauti hiyo. Neno ruzuku ni ndugu wa riziki, nayo riziki ni ya siku: ya leo huliwa leo. Mfadhili ametoka katika fadhila, nayo fadhila haidaiwi. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haikutumia lugha ya fadhila: iliuweka mchezo na mapumziko miongoni mwa haki ambazo mzazi ana wajibu wa kumpatia mtoto, pamoja na chakula, mavazi na elimu. Haki hudaiwa, wala haikomi mkataba unapokwisha.

Kwa hiyo ruzuku ya michezo haipimwi kwa wingi wa mipira iliyogawiwa, maana mipira hupasuka. Yafaa ipimwe kwa mambo yanayobaki baada ya mfadhili kuondoka: uwanja uliotengwa na kijiji usigeuzwe shamba la korosho, mwalimu anayejua kuchezesha, na saa iliyomo katika ratiba ya shule. Wahenga walisema kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo. Reli ya Nachingwea ilikuwa nguo ya namna hiyo.