Mwenye Msafara Hulipa Mara Moja: Elimu ya Forodha Chini ya Milima ya Uluguru

Asikiapo mtu neno forodha, fikira zake aghlabu huelekea pwani: huona majahazi yaliyotia nanga, makuli wakishusha marobota, na karani aliyekaa nyuma ya meza akiandika katika daftari lake, wala si ajabu, kwani neno hilo tulilolipokea kutoka Kiarabu lilikuwa jina la mahali pa kushushia shehena kabla halijawa jina la idara ya serikali, na watu wa Unguja hata leo wakitaka kupunga upepo jioni huenda Forodhani. Morogoro haina bahari wala gati. Imekaa chini ya milima ya Uluguru, mwendo wa kilomita mia mbili hivi kutoka pwani, na maji yake ni ya mito ishukayo mlimani. Hata hivyo ni vigumu kuandika taarikhi ya forodha katika nchi yetu bila ya kuutaja mji huu, kwa sababu mali iingiayo pwani haina budi kupita mahali, na hapo ipitapo ndipo penye suali gumu kuliko yote ya elimu hii: bidhaa isiyokusudiwa kukaa hapa, bali inapita tu kwenda kwa wengine, je, ilipe, na ikiwa italipa, ilipe mara ngapi?

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani ya Mrima kwenda Unyamwezi ilikuwa na njia mbili za kuizunguka milima hiyo. Moja ilipita upande wa kusini, katika nchi ya Wakutu, hata Zungomero, ambako Waingereza Burton na Speke walifika mwaka 1857 wakakuta makutano makubwa ya misafara. Na nyingine ilipita kaskazini, kando ya mto Ngerengere, chini ya mji uliojengwa na Kisabengo, Mzigua aliyejipatia nguvu kwa silaha na kwa werevu wa kuchagua mahali. Aliyekaa hapo aliushika mlango wa bara. Naye aliyepita hapo alitoa hongo, neno ambalo kwa watu wa zama hizo halikuwa na aibu yoyote: lilikuwa haki ya mwenye nchi kwa wapitao katika ardhi yake, ikilipwa kwa nguo za merikani na kaniki, kwa shanga na kwa nyaya za shaba, hadharani, baada ya mashauri yaliyoweza kuchukua siku kadhaa. Kujua kiasi gani kinamtosha mtawala gani, na nguo ya namna gani inapendwa mahali gani, kulikuwa maarifa ya watu wachache waliokwisha kuirudia njia mara nyingi, na mwanagenzi aliyapata kwa kuwafuata nyuma na kusikiliza.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, alipokuwa safarini kumtafuta Livingstone, alifika hapo akakuta mji wenye ukuta wa mawe na minara pembeni, ukitawaliwa na binti wa Kisabengo, aliyeitwa Simbamwene kama mji wenyewe. Wajumbe wa malkia wakaja kambini kudai hongo. Stanley akawajibu kwamba, kwa kadiri alivyoarifiwa, desturi ya nchi ni kumtoza mwenye msafara mara moja tu, na kwamba kikosi chake kilichotangulia, chini ya Mzungu mwenzake, kilikuwa kimekwisha kulipa. Basi si haki atozwe tena. Wajumbe wakaitikia kwa adabu, wakarudi kwa bibi yao. Siku chache baadaye, askari wa Stanley waliorudi nyuma kumtafuta mpishi aliyetoroka wakakamatwa mjini na kutiwa minyororo, wasitoke ila kwa maombezi ya Shekhe Thani, mfanyabiashara Mwarabu aliyekuwa akipita njia hiyohiyo.

Tuisome kadhia hiyo kwa jicho la mtu wa forodha. Kanuni ya kwamba mwenye msafara hulipa mara moja haikubishwa na wajumbe. Ilikuwa ni sheria ya njia. Kilichokosekana ni ithibati: hapakuwa na hati iliyoonyesha kwamba kikosi cha kwanza na cha pili ni mali ya mtu mmoja, wala alama iliyofungwa katika mizigo, wala mtu wa tatu aliyejifunga kwa dhamana kwamba lisemwalo ni kweli. Stanley alikuwa na hoja, hakuwa na karatasi. Na Shekhe Thani, aliyesimama katikati akaaminiwa na pande zote mbili, ndiye aliyeifanya kazi ambayo leo hufanywa na wakala wa forodha.

Pwani mambo yalikwisha kuwekwa katika maandishi. Mkataba ambao Sayyid Said, mtawala wa Unguja, aliufanya na Marekani mwaka 1833 ulikadiria ushuru wa bidhaa ziingiazo kuwa sehemu 5 katika 100, na ukusanyaji wake ulikodishwa kwa matajiri, hasa jumba la Jairam Shivji, Mhindi wa Kachi, lililoshika forodha ya Unguja kwa miaka mingi hata mnamo 1876 ikamwangukia Taria Topan. Chuo cha forodha cha wakati huo kilikuwa ni jumba hilo lenyewe. Kijana alianza kwa kufagia na kubeba, akapanda hata kuhesabu pembe na kupima karafuu, na mwisho, akiaminiwa, akakabidhiwa daftari. Na husimuliwa kwamba Taria Topan mwenyewe alianza kazi za chini kabisa katika nyumba ileile aliyokuja kuirithi kazi yake. Elimu ya namna hiyo ilikuwa madhubuti, lakini ilikuwa ni mali ya ukoo na jamaa, na asiyezaliwa karibu nayo alibaki mlangoni.

Hatari ya kuwapa forodha watu wasioijua ilidhihirika mwaka 1888. Sayyid Khalifa bin Said, Sultani wa Unguja, aliwapa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki haki ya kutoza ushuru katika bandari za Mrima, nao walipoanza kazi mwezi wa Agosti, wakitweka bendera yao na kuwaweka kando maliwali na majumbe waliozoea kupata riziki yao katika mapato hayo, pwani yote iliwaka moto. Abushiri bin Salim wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani waliongoza vita ambavyo kampuni haikuweza kuvizima peke yake, ikabidi dola ya Ujerumani ilete majeshi. Na Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Vita hivyo vilikuwa na sababu nyingi, lakini mojawapo ilikuwa hii ya mgeni kushika meza ya ushuru pasina kujua nani anakula katika meza hiyo.

Kisha likaja garimoshi. Reli ya kati, iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, na mzigo uliokuwa ukipita mikononi mwa watawala wengi njiani ukawa unapita umefungiwa katika behewa. Hongo ya njia ikafa, na ushuru ukajikusanya mahali pamoja, bandarini. Chini ya Waingereza, Tanganyika iliingia hatua kwa hatua katika umoja wa forodha uliokwisha kuanzishwa baina ya Kenya na Uganda mwaka 1917, na mwaka 1949 idara za forodha za nchi hizo tatu zikaunganishwa kuwa moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 1967 ikairithi idara hiyo, na ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ikarudi na daftari zake nyumbani.

Ni katika zama hizo za Waingereza ambapo Morogoro ilianza kuwa nchi ya vyuo. Mwaka 1953 ilifunguliwa Mzumbe, chini ya upande wa magharibi wa milima, shule ya kuwafundisha machifu, watumishi wa serikali za wenyeji na madiwani, ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972, na hatimaye Chuo Kikuu cha Mzumbe mwaka 2001. Haikufunguliwa kwa ajili ya forodha. Lakini ilileta katika mkoa huu fikira iliyoigusa forodha pia, kwamba kazi ya kutoza na kuhesabu mali ya umma ina kanuni zake, zinafundishika darasani kwa mtoto wa yeyote, na anayezijua hupewa cheti badala ya kutegemea jamaa zake.

Leo wafundishwao forodha katika nchi yetu hupita hasa katika Chuo cha Kodi, Dar es Salaam, kilicho chini ya Mamlaka ya Mapato iliyoanza kazi Julai 1996. Na mawakala wanaotaka kufanya kazi katika Afrika Mashariki yote husomea cheti cha pamoja cha uwakala wa forodha na usafirishaji wa mizigo, kilichotungwa kwa ushirikiano wa mamlaka za mapato za kanda na shirikisho la vyama vya mawakala. Mtu wa nje hudhani kwamba mwanafunzi hufundishwa kutoza. Kutoza ni jambo jepesi: ushuru wa pamoja ulioanza mwaka 2005 uliweka ngazi tatu, bila ushuru, 10 katika 100, na 25 katika 100, na ngazi ya 35 ikaongezwa mwaka 2022. Jambo zito ni taratibu maalumu, yaani kujua ni lini mali isitozwe sasa, au isitozwe kabisa, na nani amejifunga kwa ajili yake muda wote huo.

Mitambo iliyoletwa kutengeneza barabara kisha irudi kwao huingizwa kwa muda, usiozidi miezi kumi na miwili, chini ya dhamana. Bidhaa ambayo mwenyewe hajapata mnunuzi hulazwa katika ghala la dhamana, na ushuru hulipwa kadiri inavyotolewa. Kitambaa kinachoingia katika viwanda vya maeneo ya mauzo ya nje, vilivyoko Morogoro vikiwa miongoni mwao, hakitozwi ilimradi kitoke kikiwa nguo iliyoshonwa, na kila mita ihesabiwe, hata mabaki yaliyoanguka chini ya mkasi. Na mali ipitayo kwenda nchi jirani hupita bila kulipa, ikisindikizwa na hati, dhamana na lakiri.

Huu wa mwisho ndio utaratibu wa Morogoro. Pale Msamvu, njia kuu inapogawanyika, lori moja likielekea Dodoma hata Rusumo na jingine Iringa hata Tunduma, malori yapitayo siku moja huchukua mali ya nchi tano au sita, na hakuna mtu mjini anayewadai chochote madereva wake. Mwanafunzi hufundishwa kuiandaa safari hiyo kabla gurudumu halijazunguka: kuisoma hati ya shehena na ankara na kuzilinganisha, kuipa bidhaa nambari yake katika kitabu cha ushuru, kukadiria ushuru ambao ungelipwa lau mali ingebaki nchini ili dhamana iutoshe, na kuandika nambari ya lakiri.

Neno hongo nalo limesafiri. Toka ilipoondoka haki ya mwenye nchi njiani, jina lake lilibaki bila kazi, likaokotwa na malipo ya gizani, na leo kila mtu akilisikia hufahamu rushwa. Huenda ndiyo sababu yafaa kukumbuka kwamba, mbali na Azimio la Arusha la 1967 tunalolijua sote, liko jingine, lililopitishwa Arusha Julai 1993 na Baraza la Ushirikiano wa Forodha la dunia, juu ya uadilifu katika forodha, ambalo miongoni mwa dawa zake liliyataja mafunzo ya watumishi katika muda wote wa kazi yao. Afisa asiyezijua taratibu huzuia kila kitu kwa kuogopa, na mzigo uliozuiwa bila sababu ni mlango wa hongo ya namna hii mpya.

Lori lifikapo mpakani, afisa huinama nyuma ya kontena, akaisoma lakiri tarakimu baada ya tarakimu, akizilinganisha na zile zilizoandikwa Dar es Salaam. Zikiwa sawa na kufuli halijaguswa, safari hukubaliwa, dhamana hufunguliwa, na aliyejifunga huwa huru. Ikipotea tarakimu moja tu, dereva hukaa hapo, na wakala aliyeiandika hutafutwa.