Bendera za Mataifa: Kutoka Bandarini Hadi Kwenye Albamu

Kuzijua bendera za nchi za mbali kulikuwa kazi ya mabaharia na wachora ramani karne nyingi kabla ya kuwa burudani. Katika Atlasi ya Kikatalani ya mwaka 1375, inayohusishwa na Abraham Cresques wa kisiwa cha Majorca, miji mingi imechorewa bendera za watawala wake, ili mtazamaji ajue nani anatawala wapi. Baadaye wachapaji wa Amsterdam walitoa vitabu vya bendera za meli. Kile cha Carel Allard kilitoka mwaka 1695. Nahodha asiyezijua bendera aliweza kumkaribisha adui au kumpiga rafiki mizinga.

Katika Bahari ya Hindi, suala la bendera za meli lilifika hadi mahakamani. Baadhi ya wenye majahazi wa Sur, raia wa Sultani wa Muscat, walikuwa wakipeperusha bendera ya Ufaransa, kwa kuwa manowari za Uingereza zilizosaka wafanyabiashara wa watumwa hazikuruhusiwa kupekua chombo chenye bendera hiyo. Mwaka 1905 Mahakama ya Usuluhishi ya The Hague iliamua kwamba tangu tarehe 2 Januari 1892 Ufaransa haikuwa na haki ya kuwapa bendera yake, isipokuwa waliokuwa chini ya ulinzi wake kisheria. Waliokwisha kuidhinishwa kabla ya tarehe hiyo waliachiwa.

Kilichoziingiza bendera majumbani ni sigara. Mwaka 1887 kampuni ya Allen & Ginter ya Richmond, Virginia, ilitoa kadi za bendera za mataifa. Kadi ngumu ilizuia sigara zisipondeke ndani ya pakiti laini. Baba akishavuta, kadi ilikuwa ya mtoto, na aliyekuwa na mbili za aina moja alitafuta wa kubadilishana naye. Kampuni za Uingereza nazo zikatoa kadi za namna hiyo, na yamkini wauza tumbaku walifundisha jiografia kuliko walimu wengi wa zama zao. Oktoba 1917 jarida la National Geographic lilichapisha bendera karibu 1,200 kwa rangi.

Aliyeupa uraibu huu sura ya taaluma ni Mmarekani Whitney Smith. Mwaka 1958, akiwa bado kijana, aliandika makala iliyoiita elimu ya bendera kwa jina la veksilolojia, na mwaka 1961 alishiriki kuanzisha jarida la elimu hiyo. Kongamano la kwanza la kimataifa la veksilolojia lilifanyika Muiderberg, Uholanzi, mwaka 1965. Mwaka uliofuata Guyana ilipata uhuru ikiwa na bendera iliyotokana na mchoro wa Smith. Mistari myembamba, mweusi na mweupe, iliongezwa na wataalamu wa London.

Wakati huo wapenzi wa bendera hawakupata nafasi ya kupumua. Mwaka 1960 pekee nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, na vitabu vilipitwa na wakati kabla wino haujakauka. Zanzibar iliwasumbua kuliko nyingi: bendera nyekundu ya Sultani ilibadilishwa Desemba 1963 kwa kuongezwa duara la kijani lenye karafuu mbili. Mapinduzi ya Januari 1964 yakaleta milia ya nyeusi, njano na buluu. Kabla mwezi haujaisha ikaja ya buluu, nyeusi na kijani. Kufikia Juni, buluu hiyo ilikwishaunganishwa na rangi za Tanganyika katika bendera ya Muungano, na milia ikalazwa mshazari ili pande zote mbili zionekane. Mwaka 2005 Zanzibar ilipata tena bendera yake, ikiwa na ile ya Tanzania kwenye kona ya juu karibu na mlingoti.

Mabadiliko hayajakoma. Malawi ilibadilisha jua lake jekundu linalochomoza kuwa jua kamili jeupe mwaka 2010, ikalirudisha la awali mwaka 2012. Mauritania nayo iliongeza milia miwili myekundu mwaka 2017.