Siku ya Mgogo na Njaa ya Mtunya

Ugogo, nchi ya Wagogo katikati ya Tanzania, hupata msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, na mvua yenyewe haiaminiki. Ndiyo maana Wagogo waliipangia siku kazi zake: ng'ombe wakamuliwe asubuhi kabla ya kwenda malishoni, uwele na mtama vitwangwe, majani ya mlenda yaanikwe juani yawe akiba ya kiangazi.

Vita Kuu ya Kwanza ikauvuruga utaratibu huo. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua nafaka, mifugo na wapagazi. Mvua nazo zikakosekana. Njaa iliyofuata, iliyoitwa Mtunya, ya 1917 hadi 1920, iliua maelfu.

Hata hivyo, kuanika mlenda hakukufa. Hadi leo mlenda mkavu unauzwa sokoni Dodoma.