Majaribio ya vipande vya programu

Ni uhakiki wa sehemu ndogo za programu, moja moja, kabla hazijategemewa na nyingine. Katika lugha za kifankisheni, kama Haskell na Erlang, kazi hii hurahisishwa na kanuni moja: fankisheni safi ikipewa ingizo lilelile hutoa jibu lilelile, bila kugusa kitu kingine.

Mfano ni fankisheni ya kukokotoa malipo ya dagaa sokoni Kirumba Mwaloni, Mwanza. Bei ikiwa shilingi 6,000 kwa kilo, kilo 20 lazima zitoe 120,000. Kilo sifuri, sifuri. Jaribio halihitaji hifadhidata wala mtandao.

Erlang ilianza kubuniwa katika kampuni ya Ericsson, Uswidi, mwaka 1986. Baadaye seva za WhatsApp, huduma inayotumiwa sana Tanzania, zilijengwa kwa lugha hiyo. Majaribio ya vipande vya Erlang huandikwa kwa zana ya EUnit.

Mwaka 2000 Koen Claessen na John Hughes walichapisha QuickCheck, zana ya majaribio ya Haskell. Humo mwandishi haorodheshi mifano, hutaja sharti, kwa mfano: mzigo wa dagaa ukigawanywa mafungu mawili, jumla ya malipo isibadilike. Kompyuta hubuni mizigo 100 kwa kawaida na kusaka ule unaovunja sharti. Matoleo ya baadaye hupunguza mfano uliofeli hadi uwe mdogo, ili kasoro ionekane upesi.